Mtungi Usiovuja

Mama mkwe wangu habishi hodi. Siku hiyo alisukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono yote miwili ilibeba beseni la kuku waliokwisha kuchinjwa na kunyonyolewa, akanikuta nimepiga magoti sebuleni nakunja mablanketi ya safari. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alfajiri ya kesho yake mimi na mume wangu tulikuwa tuondoke kwenda ziwani, safari tuliyoizungumza tangu mwaka uanze, kitandani, mezani, hata bafuni mmoja akiwa ndani na mwingine nje ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, kipenzi changu!" Alitua beseni juu ya mablanketi yangu safi, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Nimeona nije mwenyewe. Shukrani ya simu haina uzito."

"Shukrani ya nini tena, mama?"

"Jamani, anajifanya hajui!" Alinipiga kofi dogo la begani. "Si mmeahirisha safari kwa ajili yangu? Mwenzio kaniambia yote. Eti uliposikia wakwe wa wifi yako wanakuja kwangu Jumamosi, ukasema mwenyewe: ziwa halihami, mimi nakwenda kumpikia mama. Nililia, mwanangu. Wenzangu wanampata wapi mkwe wa namna hii?"

Nilimtafuta mume wangu kwa macho, nikamwona amesimama kwenye mlango wa korido, kapu la vyombo vya safari mkononi. Alikuwa anaangalia dari. Nilimsubiri ayateremshe macho yake, akagoma.

"Fundi," nikamwita kwa sauti tamu niliyoitengeneza palepale, "hebu njoo jikoni mara moja."

"Mtungi wa gesi tena?" mama mkwe akauliza huku akijitupa kwenye kochi. "Huo mtungi wenu hauna likizo? Kila nikija unavuja! Mtakuja kulipuka siku moja mnikoseshe wajukuu."

Habari ya mtungi lazima niieleze, maana ndiyo iliyotufikisha pale.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Mume wangu ni fundi wa kufuli na funguo, ana chumba chake kidogo karibu na soko, na mji mzima ukijifungia nje unamwita yeye. Alikuja kwangu kujifunza gari. Katika wanafunzi wote niliowafundisha hakuna aliyenitoa jasho kama yule bwana. Klachi aliiachia ghafla, breki aliikanyaga kwa miguu miwili, na koni za kiwanjani alizigonga zote bila ubaguzi. Lakini kila somo alikuja na kontena la chakula. Siku alipofeli mtihani kwa mara nyingine, tulikaa juu ya boneti ya gari la shule tukala kuku wake wa tangawizi, nikashtukia nalamba mfuniko mbele ya mwanafunzi.

"Basi, Mwalimu," akaniambia, "mimi na usukani tumeshindwana. Wewe endesha, mimi nitapika."

Niliposwa hivyo, na sijawahi kutamani kuposwa vingine. Tukaishi hivyohivyo: mimi usukani, yeye chungu. Tukiwa safarini macho yangu yapo barabarani na yeye ananilisha tonge baada ya tonge, ananipangusa mdomo kwa kidole gumba, ananisimulia mambo ya kipuuzi mpaka nikose pumzi. Hakuna mahali duniani ninapompenda mume wangu kama ndani ya gari.

Tatizo lilikuwa mama yake. Kwake yeye, mwanaume anayefunua sufuria ana kasoro, na mwanamke anayemwachia afunue ana kasoro kubwa zaidi. Alipokuja kula kwetu mara ya kwanza, akaonja mchuzi, akafumba macho, akauliza nani kapika. Fundi akajibu haraka, "Mke wangu." Mimi nikacheka. Tulikuwa wapya, na uongo wenyewe ulikuwa mtamu, nikauona ni mchezo wetu wa siri. Tangu hapo kila mama akija, mimi naingia jikoni nagongagonga masufuria, naye Fundi ananifuata "kuangalia mtungi", anapika, anatoka akijifuta mikono na kulaani kampuni za gesi. Mtu anafungua kufuli za mji mzima, lakini mdomo wake mwenyewe mbele ya mama yake haufunguki.

Nilifunga mlango wa jikoni. Tuligombana kwa kunong'ona, na asiyewahi kugombana kwa kunong'ona hajui hasira inavyochemka ikikosa pa kutokea.

"Ziwa halihami?" nikamwuliza.

"Mwalimu, nisikilize kwanza..."

"Nilisema lini? Nilikuwa nimelala nikasema?"

"Alinibana. Alipiga simu, ameshawatangazia watu wote, analia..."

"Na mimi je? Mimi ungeniambia lini?"

"Nilikuwa natafuta nafasi."

"Nafasi!" Nilijiziba mdomo mwenyewe kwa kiganja, kisha nikaendelea. "Jana tumepakia gari pamoja, Fundi. Umefunga magodoro juu kwa kamba, ukaniuliza kama nimebeba kofia. Umeniuliza habari za kofia, na huku unajua hatuendi popote!"

Aliinamisha kichwa. Ana shingo nzuri mume wangu, na siku nyingine ningeiangalia kwa nia nyingine.

"Nimeshapanga," akasema polepole. "Ijumaa napika hapahapa kwetu. Jumamosi unabeba, unasema umeona upikie nyumbani kwa sababu jiko la mama hulijui. Hakuna atakayegundua. Halafu ziwani tunakwenda mwezi ujao."

"Mwezi ujao nina wanafunzi wa mtihani, na unajua."

"Basi mwingine."

"Kwa hiyo safari yetu umeichinja ili uongo wako upate kuishi."

"Si uongo, ni... ni kumtunzia mama heshima yake."

"Na yangu atanitunzia nani? Jumamosi wifi zangu watanizunguka pale, waniambie hebu tuonyeshe unavyokaanga. Nitawaonyesha nini? Gia?"

Midomo yake ilitaka kucheka. Akaona uso wangu, akaacha.

"Toka umwambie," nikasema. "Yuko hapo kwenye kochi, hatua chache tu."

"Leo siwezi, mke wangu. Nipe muda."

"Sawa." Nilichukua aproni yake kwenye msumari, nikajifunga mimi. Ilinipwaya. "Basi leo napika mimi."

Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa vile. "Mwalimu, tafadhali. Usifanye hivyo."

"Kwani mpishi wa nyumba hii ni nani? Si mimi? Si ndivyo mama anavyojua? Nenda ukakae sebuleni na mama yako, mwanaume haingii jikoni. Na ukithubutu kurudi humu kuangalia mtungi, nitakulipua mwenyewe."

Alitoka. Nikabaki na kuku wa mama mkwe, na hasira, na kisu.

Wapo watu wanaosema kupika kunatuliza moyo. Mimi kulinichochea. Vitunguu viliungua kabla sijamaliza kumlaani, nikavifunika kwa nyanya ili visionekane. Tangawizi niliitupa na maganda yake. Kuku niliwageuza kwa nguvu mpaka mwingine akaachana na mfupa, na kila nikigeuza nilimwona Fundi kandokando ya ziwa, suruali ameikunja mpaka magotini, anawasha moto kwa vijiti vyenye unyevu na kupuliza mpaka machozi yanamtoka, ananiambia subiri, Mwalimu, subiri, utakula kitu leo. Nilitaka kwenda ziwani. Chumvi niliitia mwanzoni. Halafu nikakumbuka kwamba yeye mwishoni huonja na kusema "bado kidogo", basi na mimi mwishoni nikaongeza kidogo, bila kuonja. Na mtu mwenye hasira, kidogo chake si kidogo.

Kupitia mlangoni niliwasikia.

"Leo umetoka jikoni upesi, umetulia nami," mama alikuwa anasema. "Mtungi umepona?"

"Umepona, mama."

"Alhamdulillahi. Maana ulishakuwa kama mke wa pili."

Niliandaa meza. Nilipanga sahani nzuri, zile za wageni, nikakaa nimekunja mikono. Wali ulikuwa na sehemu iliyoungua na sehemu iliyokuwa mbichi, zimekaa pamoja bila kusalimiana. Mama mkwe alinawa, akatabasamu, akachota, akatia mdomoni.

Tabasamu lilikaa pale kwa muda bila kazi. Kisha alimeza, akanywa maji, akanywa tena.

"Mwanangu," akasema, "unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Basi kuna jambo." Alisogeza sahani mbele. Sauti yake ilikuwa bado ya upole, lakini upole ule ulikuwa unaondoka. "Chakula hakifichi kitu. Mwanamke mwenye raha na mumewe hapiki hivi. Umefanya makusudi. Hutaki kuja Jumamosi, ukaona unionyeshe kwa njia hii."

Nilichukua kijiko, nikachota wali wangu.

"Nimewaacha mabinti niliowazaa mwenyewe," akaendelea, na sasa alikuwa amepandisha. "Nimewaambia nyinyi mtaosha vyombo, mpishi ni mke wa kaka yenu, huyo peke yake ndiye anayepika kama mimi. Wamenuna, mpaka leo mmoja hanisemeshi. Ndiyo malipo yangu haya? Kama hukutaka ungesema hapana, mimi si mtoto. Si kuwachinja kuku wangu mara ya pili!"

Maneno yale yaliniingia. Mwanamke yule alikuwa amenipenda miaka yote kwa jambo ambalo si langu, na sasa alikuwa ananichukia kwa jambo ambalo ni langu kweli. Niliweka kijiko chini, nikamgeukia mume wangu. Sikumkonyeza wala sikumkanyaga mguu chini ya meza. Nilimwangalia tu. Alikuwa anakula. Alikuwa anakula ule wali mbichi na kuku wale wa chumvi, tonge kwa tonge, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Nikajiambia, akinyamaza hapa, akiniacha nibebe hili mbele ya mama yake, basi sitampeleka mtu huyu popote tena, si ziwani wala dukani. Nilikuwa nimeshaamua, na uamuzi ule uliniogopesha kwa sababu nilijua nitautimiza.

"Na wewe!" Mama alimgeukia. "Mtu unalishwa hivi nyumbani kwako, umekaa tu unameza?"

Fundi aliweka tonge chini. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Mama."

"Sema."

"Mtungi wetu wa gesi haujawahi kuvuja."

"Nani kauliza habari za mtungi? Nazungumza chakula, ananiletea mtungi!"

"Haujawahi kuvuja hata siku moja. Nilikuwa naingia jikoni kupika. Tangu ile siku ya kwanza uliyokuja, mpaka mara ya mwisho. Huyu hajui kupika, mama, unaona mwenyewe. Hiki unachokula ndicho chakula cha kwanza mke wangu kukupikia."

Mama mkwe aliangalia mlango wa jikoni. Akaangalia aproni iliyonipwaya. Akaangalia mikono ya mwanawe juu ya meza, ile mikono yenye alama za tupa na za mafuta ya moto, na nadhani alama za mafuta ya moto ndiyo mara ya kwanza kuziona.

"Wote wawili," akasema. "Wote wawili mlikuwa mnanicheka."

"Hatukukucheka, mama."

"Mlinicheka! Mimi nakaa hapa nasifu, nasifu, nakwenda kutangaza kwa watu, nyinyi mkifunga mlango mnashikana mbavu!" Alipiga meza, bilauri zikaruka. "Baba yako nimempikia mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kujua chumvi inakaa kabati gani! Na huyu, kama wewe ndiye unayepika, yeye katika nyumba hii anafanya nini?"

"Anaendesha," akasema Fundi.

"Anaendesha nini?"

"Gari, mama. Mimi napika, yeye anaendesha. Ndivyo tulivyooana. Na safari haijaahirishwa, na yeye hakusema ziwa halihami. Nilisema mimi, nikamsingizia, kwa sababu nilikuogopa wewe. Jumamosi hatutakuwapo. Ningekwambia kwenye simu, nikashindwa. Nakwambia sasa."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, lakini aliyasema yote. Ndani yangu hasira ilikuwa imekaa palepale, ila pembeni yake kukawa na kitu kingine, na sikutaka kukiangalia bado.

"Nani alikufundisha huo upuuzi?" mama akauliza. "Nani alikutia jikoni?"

"Wewe."

"Mimi!"

"Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha jiko lako nakuangalia. Unanifukuza nikacheze na wenzangu, natoka, nazunguka nyumba, narudi. Kuku wa tangawizi ni wako, mama. Ulivyokuwa unasema huyu anapika kama wewe, ilikuwa kweli. Ni mkono wako."

Nilidhani mama atalia, na nadhani naye alidhani hivyo. Badala yake alisimama, akavuta mkoba wake.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," akamwambia. "Nirudisheni kwangu."

"Mama, na wageni wa Jumamosi..."

"Nitapika mwenyewe. Sijafa."

Nilivua aproni. "Gari limeshapakiwa," nikasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu ugomvi uanze mezani. "Tukikushusha, tunaunganisha safari. Hatungoji kesho." Sikumwuliza Fundi anaonaje, na yeye hakujaribu kuona vingine. Aliingia jikoni, mlango wazi, tukamsikia akifungua kabati, akamimina wale kuku waliobaki ndani ya kontena.

"Unabeba sumu hiyo?" mama akamwuliza.

"Kapika mke wangu," akajibu.

Nje niliyatupa mablanketi kiti cha nyuma, nikazunguka gari nikikaza kamba za magodoro ambazo hazikuwa zimelegea. Fundi alikuja upande wangu.

"Usidhani yamekwisha," nikamwambia.

"Najua."

"Tukimshusha mama naanza upya, kuanzia kwenye kofia."

"Najua, Mwalimu. Anza utakapotaka. Njia ni ndefu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukilaza kichwa changu kwenye ile shingo. Nikafungua mlango wangu.

Mama mkwe akipanda gari langu hukaa mbele. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: yeye mbele pembeni yangu, mkoba mapajani, na mwanawe nyuma amebanwa na mizigo, magoti kidevuni. Fundi alimfungulia mlango wa mbele kama kawaida. Mama aliutazama ule mlango, akautazama na usukani. Akaufunga mwenyewe. Alizunguka, akaufungua wa nyuma, akasukuma mablanketi, akaingia.

"Mama, huko kumebanana," Fundi akasema. "Njoo mbele."

"Kaa mbele wewe. Si ndiye mpishi? Dereva atakula vipi ukiwa huku?"

"Mama, samahani, mimi..."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema kaa mbele."

Alikaa mbele. Niliwasha gari, tukatoka getini. Nyuma mama alikuwa amegeukia dirishani, kidevu juu. Tulipofika kwenye njia panda ya kwanza taa zilikuwa nyekundu, nikasimama, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele. Nilisikia mfuniko wa kontena ukifunguka. Vidole vyake vikaja karibu na mdomo wangu na kipande cha kuku nilichokipika mwenyewe, kimeungua upande mmoja, na hata kabla hakijanifikia nilijua chumvi itakavyokuwa.

Bado nilikuwa na hasira naye, tena nyingi. Nikafungua mdomo.